Watafiti wanapofunga mulango kusudi waandike juu yetu

Leo hatuzungumuzi juu ya bei ya zahabu wala juu ya bariere za barabarani. Sendika inataka kuzungumuza nanyi juu ya nyumba.

Ni nyumba ile yenye watafiti wanakodisha mbali na kelele, nyuma ya kuzunguka mashimo yetu wiki mbili ao tatu. Watu hawa munawajua. Wanakuja na madaftari na kinasa-sauti kidogo, pamoja na kijana mumoja wa hapa Bunia mwenye anawatafsiria. Wanauliza: PDG anachukua sehemu gani? Nani analipisha watu kwenye njia ya shimo? Mutoto huyu ana miaka ngapi? Tunajibu, gari inaondoka, vumbi inatulia, tunarudia kazi. Tunafikiri imekwisha. Kumbe kwao kazi njo inaanza. Wanaenda kujifungia siku tano ao kumi kwenye nyumba kubwa yenye bustani, wanatandaza maneno yetu juu ya meza, wanabishana, wanachagua neno lenye litabakia na lenye litatupwa.

Mafungo ya namna hiyo kwa Kifaransa yanaitwa retraite. Sisi wa migodi neno hilo tulilizoea kwa maana ingine, ya pansyo, na wengi kati ya wazee wetu waliingojea mpaka wakaingia kaburini. Basi musishangae kama watu wanacheka shimoni wakisikia kama vijana wa miaka 30 wamekwisha kwenda retraite.

Hatuwalaumu juu ya kujifungia. Hata sisi wa komite, tukitaka kuandika barua nzito, hatuiandiki katikati ya soko. Tunatafuta kivuli, tunazima telefone, tunafunga mulango. Kazi ya kichwa inaomba utulivu. Shida yetu ni ingine: neno tunalitoa sisi, lakini sura yake ya mwisho linaipata ndani ya nyumba ile, na sisi hatuko. Na sura ile ya mwisho njo yenye inakwenda Kinshasa, Bruxelles na Washington, kisha inarudi kwetu siku moja kama sheria, kama askari, ao kama munuzi mwenye hataki tena zahabu yetu.

Nyumba ya Epulu

Jambo hili halikuanza jana. Mutu akitoka Bunia, akapita Komanda na Mambasa kwa barabara ya taifa nambari 4, anafika Epulu, kando ya muto wenye jina hilo hilo. Pale, katika miaka ya 1930, Mumarekani Patrick Putnam, mwenye alisomea kule Harvard, alijenga kambi yake. Kulikuwa nyumba yake, dispansere ya wagonjwa wa vijiji, na vyumba vya wageni wenye walilipa kusudi walale porini na waone Bambuti. Wageni wamoja walikuwa watalii, wengine watafiti.

Mumoja kati ya wageni hao alikuwa Muingereza Colin Turnbull. Alifika mara ya kwanza mwaka 1951, akarudi 1954, akarudi tena 1957. Putnam mwenyewe alikufa mwaka 1953. Mwaka 1961 Turnbull akatoa kitabu, The Forest People, chenye kilisomwa na watu wengi sana ulimwenguni na chenye bado kinafundishwa katika mashule makubwa. Kitabu kile kinawapenda Bambuti, hilo tunalikubali. Lakini wanakijiji wenye wanalima kando ya pori walitokea ndani yake kama watu wenye wanaogopa pori tu, na Bambuti kama watu wenye wangeweza kuishi bila wao. Ilingojewa mpaka miaka ya 1980, wakati watafiti wengine wa Marekani walikaa muda murefu na Efe wa kaskazini ya pori letu, wakahesabu chakula chenye watu wanakula kila siku. Wakaona kama sehemu kubwa ya chakula cha watu wa pori inatoka kwenye mashamba ya vijiji. Makundi mawili yanategemeana.

Muzee yeyote wa Mambasa angewaambia hivyo mbele ya chai kupoa. Lakini hakuna muzee wa Mambasa mwenye alipewa kitabu asome mbele ya kuchapwa. Neno la mutu mumoja likatembea miaka makumi mawili, na wenye lilisemwa juu yao hawakujua.

Kuna jambo lingine lenye watoto wetu wanafaa kujua. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili angani, Voyager 1 na Voyager 2. Ndani ya kila kimoja waliweka sahani ya muziki ya shaba yenye ilipakwa zahabu, kusudi kama kuna viumbe kule mbali sana, wasikie sauti za dunia. Kati ya nyimbo hizo kuna mumoja wa kwetu: wasichana wa Bambuti wa pori la Ituri wanaimba wimbo wa sherehe ya kuingia utu uzima. Hauishi hata dakika moja. Mwaka 2012 Voyager 1 ilitoka katika eneo la upepo wa jua. Ni chombo cha kwanza cha watu kufika mbali vile. Kwenye orodha ya nyimbo zile jina la Turnbull limeandikwa, juu njo alinasa sauti. Wasichana wameandikwa kama wasichana tu. Shaba na zahabu, vyote viwili Kongo inavijua. Sauti ya Ituri ilipita jua, na majina ya wenye sauti hayakuvuka hata muto Epulu.

Na sisi wa Kilo na Moto, habari yetu iko wapi? Zahabu ilionekana hapa mwaka 1903, kazi ya kuitoa ikaanza 1905. Mwaka 1982 Mukongomani, Bakonzi Agayo, alimaliza kazi kubwa ya kitabu juu ya migodi ya Kilo-Moto kuanzia 1905 mpaka 1960. Aliifanya kwenye chuo kikuu cha Wisconsin, kule Madison, Marekani, kwa Kiingereza. Tunamuheshimu, alifanya kazi yenye watu wengine hawakufanya. Lakini mujukuu wa muchimbaji wa Mongbwalu akitaka kujua ginsi babu yake aliajiriwa, atavuka bahari na atajifunza luga ingine mbele ya kusoma.

Kalamu inafunga shimo, kalamu inafungua

Mutu mumoja anaweza kusema: maneno ya vitabu yanahusu nini tumbo yangu? Yanaihusu sana. Tuangalie mifano mitatu.

Wa kwanza uko pale pale Epulu. Miaka ya 1980, John na Terese Hart, Wamarekani, bwana na bibi, walichunguza okapi na miti ya pori. Kazi yao ilisaidia sana kusudi serikali ya Zaire itengeneze Mbuga ya Okapi mwaka 1992. Ni hekta zaidi ya milioni 1,3. Mwaka 1996 UNESCO ikaiweka kati ya urizi wa dunia. Okapi ni fahari yetu, porini haiko katika inchi ingine yoyote ila Kongo, na sendika haipingi achungwe. Lakini ndani ya mupaka ule kuchimba kulikatazwa, na kulikuwa familia zenye zilitia sufuria motoni kwa zahabu ya pale. Tarehe 24 Juni 2012, kundi la Mai-Mai Simba la Morgan likashambulia Epulu. Waliua watu, wakabeba wanawake, wakapora na kuchoma majengo, wakaua okapi 14 wenye walifugwa pale. Walikuwa na hasira juu ya walinzi wenye walizuia uwindaji wa tembo na uchimbaji. Hatuna neno hata moja la kutetea mauaji yale. Kundi lile lilipora wachimbaji pia. Lakini somo liko: mupaka ukichorwa mbali na wenye wanaishi ndani yake, unaacha kinyongo, na mutu wa bunduki anajua kula kinyongo cha watu.

Mufano wa pili unatoka kwa majirani wetu. Mwezi wa 7 mwaka 2010, Marekani iliweka sheria, kati yake kifungu 1502, chenye kinaomba makampuni yaonyeshe kama madini yao yanatoka kwenye vita ya Kongo. Kifungu kile kilisukumwa na kampeni kubwa ya mashirika yenye yalikuwa na ripoti mikononi. Mwezi wa 9 wa mwaka ule ule, raisi wa jamhuri akasimamisha kazi yote ya wachimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Ilirudi mwezi wa 3 mwaka 2011. Miezi sita! Muchimbaji mwenye anakula leo yenye alichimba jana, mumwambie angojee miezi sita. Mwaka 2014 watafiti na wajuzi 70, wa Kongo na wa inje, waliandika barua ya wazi wakasema kama kampeni ile ilidumiza wachimbaji, na kama watu wa pale hawakuulizwa inavyofaa. Barua ilikuwa nzuri. Ilifika miaka mine nyuma ya njaa.

Mufano wa tatu ni wa kutusimamisha kichwa juu. Wakati wa vita ya Ituri, Human Rights Watch walikuja, wakauliza watu wa Mongbwalu na wa Durba, na mwezi wa 6 mwaka 2005 wakatoa ripoti yao, The Curse of Gold. Walifuata zahabu kutoka mashimo yetu mpaka Uganda, na kutoka Uganda mpaka Uswisi. Kampuni ya Metalor ya kule Uswisi ikasimamisha kununua zahabu ya Uganda. Kampuni AngloGold Ashanti ikakubali kama watu wake walitoa dolari 8 000 kwa kundi la FNI, ikasema walilazimishwa. Wenye walitoa ushahuda walikuwa watu kama sisi, na neno lao likatikisa watu wakubwa. Kwa hiyo hatusemi mufunge kinywa mbele ya watafiti. Kinywa kikifungwa, wenye bunduki njo wanafurahi.

Nyumba ya Pugwash

Tuvuke bahari kidogo. Mwezi wa 7 mwaka 1957, wanasayansi 22 walikutana katika nyumba ya tajiri Cyrus Eaton, kwenye kijiji cha Pugwash, Kanada, kando ya bahari. Eaton aliwakaribisha na akalipa gharama. Walitoka Marekani, Urusi, Japani, Uingereza, Ufaransa na inchi zingine, kumi kwa jumla. Walijifungia kusudi wazungumuze juu ya bomu ya atomu bila kelele ya wanasiasa. Mukutano ule ulizaa mingine, na mwaka 1995 chama chao, pamoja na Joseph Rotblat mwenye alikiongoza, kilipata zawadi ya Nobel ya amani. Ni mufano wa nyumba yenye ilifaa dunia.

Sasa muhesabu viti. Sehemu kubwa ya urani yenye Wamarekani walitumia kwa bomu za kwanza ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Ilichimbwa na mikono ya Wakongomani. Japani, yenye ilipigwa bomu, ilikuwa na watu watatu kwenye meza ya Pugwash, na ilikuwa haki yao. Kutoka Afrika hakukuwa mutu hata mumoja. Walizungumuza juu ya hatari ya jiwe lile kwa dunia yote, na mutu mwenye alilibeba kwenye bega mbele ya wote hakuulizwa lilimufanya nini.

Neno moja, siku moja

Sasa tutoke mbali, tuje kwenye mambo yenye sendika yetu iliona yenyewe. Kuna kundi moja la watafiti lenye lilikuja kuuliza juu ya maisha ya wachimbaji. Hatulitaji jina. Mbele ya kuwafungulia mulango ya mashimo, komite iliwapa sharti moja: siku mukienda kujifungia, watu wetu wawili wakuje siku moja. Waliwaza kidogo, wakakubali.

Walikodisha nyumba ya mufanyabiashara kwenye kilima inje ya muji, katikati ya mikalitusi. Tulituma mutunza feza wetu na mama mumoja wa kutwanga mawe. Waliketi pamoja na watafiti kuanzia asubui mpaka jioni, wakala pamoja sombe na samaki ya Ziwa Albert, na wakatafsiriwa karatasi moja moja.

Karatasi ya tatu ikaleta kelele. Waliandika kama muchimbaji ni mutumwa wa deni. Wote wenye munasoma munajua ginsi inaendaka. PDG anafungua shimo, miezi inapita bila zahabu, yeye njo analisha kundi: mupunga, maharagi, makayabu, sabuni, dawa ya malaria. Kila kitu kinaandikwa mu kaye. Siku zahabu inaonekana, gharama inatolewa kwanza, kisha munagawana. Watafiti walisikia neno deni kwenye kila kinywa, wakaliweka pamoja na utumwa.

Mama yule, mwenye hakumaliza hata shule ya musingi, akaomba kusema. Akasema: "Mutumwa hapewake chakula kwa hesabu, na anaweza kwenda wapi? Sisi tunaweza kutoka. Shida yetu haiko kaye. Shida ni kalamu, iko mu mukono ya PDG peke yake. Anaandika kilo kumi, ulikula tano, utamujibu na nini?"

Nyumba ikanyamaza. Walibishana tena saa moja, na neno likabadilika. Sasa ripoti inasema kama wachimbaji wanaingia katika deni bila kuwa na nakala ya hesabu. Munaona tofauti? Neno la kwanza lingefanya munuzi wa ngambo akimbie na shimo lifungwe. Neno la pili linaonyesha dawa: kaye mbili, moja kwa PDG, moja kwa kundi, na wote wawili watie sahihi kila juma. Njo mupango wenye sendika inasukuma leo katika mashimo yenye tunafuata, na ma-PDG wamoja wamekwisha kukubali, juu hata wao wamechoka na fujo za siku ya kugawana.

Musifikiri kama watu wetu walikwenda kule kusafisha jina letu. Karatasi ingine ilizungumuza juu ya watoto wenye wanashuka shimoni. Mutafiti mumoja akauliza kama tunataka waipunguze. Mama yule yule akakataa: "Muache vile. Ni kweli." Kuketi mezani si kuficha. Ni kuhakikisha kama kitu kinaitwa kwa jina lake.

Jina la mutu, jina la shimo

Iko swali gumu zaidi: majina. Mwaka 2020 watafiti wa Kongo na wa Ubelgiji walitoa kitabu chenye kinaitwa Série Bukavu. Kilizaliwa katika mikutano yao, na ndani yake vijana wa Kongo wenye wanafanyaka kazi ya kuuliza watu kwenye uwanja walisema wazi: tunavuka bariere, tunalala kwenye hatari, tunaleta maneno, kisha kwenye kitabu jina letu haliko. Muchoraji Tembo Kash akawachorea picha zenye zinachekesha na kuuma. Kilio chao ni haki. Kijana wa Bunia mwenye anatafsiria mugeni, jina lake linafaa kuwa kwenye ngozi ya kitabu kama yeye mwenyewe anataka.

Lakini kwa muchimbaji si mara zote vile. Hapa Ituri tuko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mai 2021, na makundi ya silaha yako kando ya mashimo mengi. Jina likichapwa vibaya linaweza kuua. Kuna siku kutajwa ni heshima, kuna siku kufichwa njo heshima yenyewe. Nani anachagua? Mwenye jina. Si mutafiti, si PDG, na si sendika pia.

Jina la shimo nalo ni jambo lingine. Sheria ya madini ya mwaka 2002, yenye ilirekebishwa mwaka 2018, inaomba muchimbaji wa mikono awe na karte, aingie katika koperative, na achimbe ndani ya ZEA, ni kusema eneo lenye serikali ilitengea wachimbaji. Munajua kama mashimo mengi yetu yako ndani ya hati za makampuni. Mutafiti akitia shimo lenu kwenye ramani na vipimo vyake vyote, anaweza kuonyesha askari njia bila yeye kutaka. Kwa hiyo mutu mumoja asitoe jina la shimo peke yake, hata kama amepewa soda na maneno matamu. Jina lake ni lake. Shimo ni la wote wenye wanakula ndani yake, na wote waulizwe.

Maulizo matano

Sendika inaomba kila koperative na kila kundi la shimo lishike maulizo haya kwa kichwa, na liyaulize mbele ya kinasa-sauti kuwashwa:

Moja: nani anawalipa, na ripoti itakwenda kwa nani?

Mbili: mutaandikia wapi, na siku gani mutu wetu ataweza kuketi nanyi?

Tatu: mutatusomea maneno yetu kwa Kiswahili mbele ya kuyachapa, ao nyuma?

Ine: majina ya watu na ya mashimo mutayaweka namna gani, na sauti zetu mutazichunga wapi?

Tano: kitabu kikitoka, nakala ngapi zitarudi hapa, na kwa luga gani?

Angalieni kama feza haiko kati ya maulizo haya. Mutu mwenye aliacha kazi siku nzima kusudi ajibu maulizo, inafaa arudishiwe siku yake, hilo ni haki ya kazi na tunalitetea. Lakini maneno yenyewe tusiyauze. Siku tukianza kuyauza, tutasema yenye munuzi anataka kusikia, na ripoti itakuwa uongo wa watu wawili.

Na ninyi watafiti, tunajua munasoma gazeti hili, hata kama mara mingi munapita ukurasa huu haraka kwa kurudi kwenye Kifaransa. Hatuwafukuzi. Kodisheni nyumba, fungeni mulango, chemsheni kahawa, bishaneni. Bila ninyi, mambo ya 2005 yasingejulikana. Tunaomba viti viwili tu, kwa siku moja. Ni bei ndogo kuliko bei ya gari yenu kwa siku.

Wandugu, kila shimo lichague sasa watu wawili, mwanaume mumoja na mwanamuke mumoja, wenye hawaogopi kusema mbele ya watu wa shule na wenye hawatasema uongo juu ya kutetea PDG. Muchague na hata mwenye hajui kusoma, kama kichwa chake kinashika maneno. Muwalete kwenye biro ya sendika mbele ya kiangazi, tuwafundishe ginsi ya kusikiliza karatasi na kuuliza neno moja moja. Juu munajua wenyewe: mvua ikipunguka na barabara ikikauka, magari yataanza tena kupanda.